Mtoto Wangu Hapandi Meli

Juni 1997 hakukuwa na njia nzuri ya kwenda Bukoba. Ukiamua kupita barabarani, ulivuka kwa kivuko kutoka Kigongo mpaka Busisi, ukashika njia ya Geita, kisha ukaingia misitu ya Biharamulo, ambako mabasi yalisubiriana yaende kwa msafara na askari kwa kuhofia watekaji. Ukiamua kupita majini, ulikata tiketi ya MV Victoria, ukapanda usiku Bandari ya Kaskazini hapa Mwanza, na kesho yake asubuhi uko Bukoba unakunywa chai. Zamani hilo halikuwa jambo la kujiuliza. Lakini ulikuwa umepita mwaka mmoja tu na siku kadhaa tangu MV Bukoba ipinduke, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba na Kemondo, imebakiza mwendo mfupi iingie Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Waliokufa walizidi 800.

Dada alishuka kwenye treni ya Tabora macho yamemvimba. Baba mkwe wake alikuwa amefariki, na shemeji yangu, mtu wa reli, alishatangulia mara tu telegramu ilipofika. Dada akaja moja kwa moja chumbani kwangu Kirumba, begani kanga na mfuko wa nguo, mkononi mtoto.

"Nakuachia huyu. Matanga yakianuliwa narudi."

"Si uende naye? Aliyekufa ni babu yake."

Dada alichungulia nje kwanza kuona mtoto yuko wapi, ndipo akajibu. "Mimi nitapanda, sina namna. Mtoto wangu hapandi meli."

Usiku ule ule akaondoka.

Mtoto alikuwa wa miaka sita, amepewa jina la marehemu mama yetu, kwa hiyo mimi nilimwita mama na yeye akaniita mjomba. Nilikuwa kijana sina mke, fundi cherehani, napanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vinane vilivyozunguka uani. Juni ni mwezi wa mafundi: shule zimefungwa, Julai zinafunguliwa, na kila mzazi anataka sare ya mwanawe leo. Nilikuwa na rundo la vitambaa vya bluu na khaki, na sasa nina mtoto wa kike ambaye kesho yake asubuhi aliamka nywele zimesimama, akakaa kitandani akaniuliza:

"Mjomba, unajua kusuka?"

Sikujua kusuka. Nilijua kupiga pasi na kuweka zipu. Nikatoka naye uani nikiwa nimeshika chanuo, na kumbe hiyo ilitosha. Mama mwenye nyumba, bibi wa Kisukuma aliyekuwa akitusalimia wapangaji wote "mwangaluka" hata saa nane mchana, alinyang'anya lile chanuo bila kusema neno, akamkalisha mtoto katikati ya magoti yake. Tangu hapo kusuka, kuogesha na kukata kucha havikuwa vyangu tena. Nilichobakiziwa ni kununua. Uji wake ulipikwa pamoja na uji wa watoto wengine, nami nilitoa sukari. Dagaa waliokaangwa chumba cha tatu aliwala. Samaki wangu, nikibahatika kuleta sato, aliliwa na watoto wa chumba cha tatu. Hakuna aliyepanga utaratibu huo, na hakuna aliyeushukuru.

Jambo moja tu wanawake wale waliniachia mimi, tena kwa onyo. Siku ya kwanza tu, mama wa chumba cha kona, Mhaya mpole asiyekuwa na maneno mengi, aliniambia nikiwa naondoka na mtoto: "Fundi, huko mjini usimwachie mkono ukiwa karibu na maji."

Sasa niambie, Mwanza utakwenda wapi usiwe karibu na maji? Kutoka Kirumba kwenda mjini unashika Barabara ya Makongoro, na ziwa liko kulia kwako, linajificha nyuma ya nyumba na mawe, linatokea, linajificha tena. Mtoto wa Tabora, aliyezoea kuona maji kwenye ndoo, alikuwa haishi kugeuza shingo. Njia ya dakika arobaini tulikuwa tukienda kwa saa nzima na zaidi. Alitaka kujua nani aliyapandisha mawe juu ya mawe. Tulipofika kule kwenye kivuko cha Kamanga akaliona Jiwe la Bismarck limesimama majini, akauliza kama aliyeliweka hapo amelisahau. Nilimwambia ni la Mjerumani. Akasema basi arudi alichukue.

Asubuhi moja nilipitia Mwaloni kwanza kuchukua deni la suruali kwa muuza dagaa. Miaka ile gugumaji lilikuwa limeshika ufuo wote. Hukuona maji. Uliona uwanda wa kijani kibichi wenye maua ya zambarau, unapanda na kushuka taratibu, na ndege weupe wenye miguu mirefu wakitembea juu yake wakidonoa. Mitumbwi ilikuwa ikisukumwa kwa upondo kupita katikati ya majani hayo, wavuvi wakitukana. Mtoto alisimama akatazama, kisha akavuta mkono wake.

"Twende tukacheze kule kwenye majani."

"Yale si majani ya nchi kavu, mama. Chini yake ni maji."

"Mbona ndege wanatembea?"

Nikamshika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Yule muuza dagaa, aliyekuwa akinisikiliza huku akijifanya hakumbuki deni, akasema watoto wawili watatu wa pale walishawahi kuyakanyaga wakidhani ni nyasi, wakavutwa na wavuvi. Kisha akanilipa nusu.

Nikatafuta hoja ya kumtuliza mtoto. Nikamwambia kwenye maji kuna kichocho. Hiyo ndiyo hoja yetu sote tuliolelewa ufukweni, na ni ya kweli: konokono wadogo wa maji ya kina kifupi wanatoa vijidudu vinavyopenya ngozi, na wavulana wa rika langu wengi walikojoa damu wakidhani ni sehemu ya kukua. Lakini sikumweleza hivyo. Nilisema tu kuna kichocho, nikanyamaza, naye akatembea hatua nyingi akiwaza.

"Ana meno?"

"Nani?"

"Kichocho."

Nilimwacha na meno yake. Alinisaidia kazi kwa siku mbili nzima.

Mahali pangu pa kazi palikuwa barazani mwa duka la Mhindi la vitambaa, jirani na Makoroboi, na hapo mtoto alipata chuo chake. Mimi nikiwa nakanyaga cherehani, yeye alikuwa ameketi juu ya kopo mbele ya mzee mmoja mfua bati. Mzee yule alikuwa akichukua kopo tupu la maziwa ya unga, anakata kwa mkasi mzito, anakunja kipande juu ya msumari mnene mpaka kinakuwa kibomba chembamba cha kupitisha utambi. Makaa yalikuwa yakipepewa ubavuni mwake, na ndani yake chuma chenye ncha ya shaba. Kikishakuwa tayari, alikigusisha kwenye risasi, risasi ikalia na kung'aa, naye akapaka ule mshono kwa mzunguko mmoja tu bila kurudia. Kisha akajaza maji ndani ya koroboi, akaipindua, akasubiri. Ikidondosha hata tone, ilirudi motoni. Mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kutazama tone. Alikuwa akipiga magoti, jicho limekaribia bati, na akipaza sauti "Inavuja!" mzee haachi kumwamini, hata kama si kweli. Mwishowe alimtengenezea yake, ndogo ya kopo la nyanya, nikaisokotea utambi wa nyuzi zangu za pamba.

Jumapili nilimpeleka Capri Point akaone Kisiwa cha Saanane. Kuona tu, si kufika. Pale kisiwani kulikuwa na wanyama wa kutazamwa tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1964, na boti ya kuvusha watu ilichukua dakika chache tu. Kisiwa kiko karibu mno hata unaweza kuhesabu miti yake. (Leo ni Hifadhi ya Taifa, tangu 2013, na bado ni pale pale.) Watoto wengine walikuwa wakipanda na wazazi wao. Yeye alisimama akingoja zamu yetu. Nilipomwambia hatupandi akauliza kama ni kwa sababu ya kichocho, nikasema ndiyo. Akawatazama wale watoto waliokuwa botini.

"Wao hawamwogopi?"

Kisha, bila kungoja jibu: "Mjomba, wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."

"Si umezaliwa hapa?"

"Nimezaliwa hapa hapa."

Alinicheka sana. Lakini hakuna cha ajabu, watu wa Mwanza watanielewa. Tunaishi kwa ziwa, tunakula ziwa, tunafulia ziwa, na wengi wetu ukitutia kwenye maji yanayofika shingoni tunamwita Mungu kwa majina yake yote. Nimewajua wavuvi waliokwenda kuvua sangara miaka na miaka bila kujua kuogelea. Ukiwauliza wanakujibu kwa utulivu: ukianguka usiku katikati ya ziwa, kuogelea kutakufikisha wapi? Ni jibu la mtu mzima. Mtoto nilipompa alisema, "Kwenye mawe. Ungeogelea mpaka kwenye mawe."

Ilikuwa jioni moja baada ya hapo. Nimerudi mapema, nimekaa mlangoni nashona vifungo kwa mkono. Wanawake wako uani wanachambua dagaa kwenye ungo. Watoto wana beseni kubwa la plastiki la kufulia, lile jekundu la mama wa kona, na kwa jinsi walivyokuwa wametulia hakuna aliyewajali. Beseni lilikuwa limepinduliwa chini. Nikasikia kitu kinagonga kwa ndani: ko, ko, ko. Watoto wa nje wakalizunguka, mmoja akainama akaweka sikio, akasema kwa sauti ya kiume, "Tulieni, tunakuja!" Mwingine akaja na kijiti, akakisokota juu ya beseni huku akiguna kwa mdomo sauti ya mashine. Wakanyamaza wote. Halafu, kwa pamoja, wakaanguka chini wakajilaza.

Walikuwa wamecheza mchezo huo mara nyingi, ulionekana. Kila mmoja alijua zamu yake.

Hakukuwa na mtu mzima Mwanza aliyehitaji kufafanuliwa. MV Bukoba ilipobinuka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa saa kadhaa, limeshikiliwa na hewa iliyonasa ndani, na ndani mna watu, nao wakigonga chuma. Waokoaji walitoboa ili wawatoe. Hewa ikapitia kwenye tundu, na meli ikaenda chini. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, watu wakazikwa Igoma kwa makundi, magazeti yakaandika yote. Ila mtaani kwetu habari hiyo ilizungumzwa watoto wakishalala. Tulidhani wamelala.

Mama wa kona aliweka ungo chini. Kaka yake alikuwa mle, na Igoma hakuna kaburi lenye jina lake. Nilijua kwamba nikisimama mimi nitawapiga, kwa hiyo sikusimama. Yeye alikwenda taratibu, akashika ukingo wa beseni, akaliinua. Aliyekuwa chini yake, amejikunyata, ngumi bado imefumbwa tayari kugonga, alikuwa mpwa wangu.

"Beseni langu nalitaka," alisema mama wa kona. "Nina nguo za kufua."

Akaingia nalo ndani. Hakuwa na nguo yoyote ya kufua. Saa hizo jua limeshazama na mabomba yamekauka.

Usiku tuliwasha ile koroboi ndogo ili afurahi. Mtoto yuko kitandani, mimi niko chini kwenye mkeka.

"Mjomba. Wale waliogonga walifunguliwa?"

"Kuna watu waliokolewa. Wengi. Zaidi ya mia."

"Waliogonga?"

"Lala, mama."

Kimya. Kisha: "Meli ya mama ina milango?"

Asubuhi sikwenda Makoroboi. Nilimpeleka bandarini. MV Victoria ilikuwa imeingia kutoka Bukoba, nami nilijua dada hayumo, siku zake hazijatimia. Mchukuzi mmoja niliyewahi kumshonea kaptula alitusogeza mpaka pale wanapoteremshia mizigo. Mikungu ya ndizi ilikuwa ikishuka kwenye mabega ya watu, ikifuatwa na magunia, kuku na kitanda kizima. Meli hii ilikuwepo ziwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukiwa chini yake unaona jinsi ilivyo ndefu. Mtoto alikuwa akitembeza kidole hewani akihesabu milango, kisha madirisha, kisha yale maboya ya duara yaliyoning'inizwa. Akamuuliza mchukuzi kama milango inafunguka kwa ndani.

"Kwa ndani na kwa nje, binti. Milango siyo shida. Shida watu wanakuwa wengi kuliko milango."

Sikumshukuru kwa jibu hilo, ingawa mpaka leo sijasikia uchambuzi mfupi zaidi wa ile ajali, na nimesikia mwingi. Mtoto alilipokea. Njia nzima alinisomea hesabu yake ya milango, akakosea, akaanza upya.

Dada alirudi meli ikiwa imechelewa. Tulisimama getini tangu alfajiri, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo watu wote pale getini walivyozidi kuzungumza mambo yasiyo na maana: bei ya mafuta ya taa, mpira wa Pamba na nani. Hakuna aliyetaja saa. Ilipotokeza nyuma ya mawe, mwanamke mmoja mbele yetu alikaa chini pale pale kwenye vumbi na kitenge chake kipya.

Dada alishuka na mkungu wa ndizi, kahawa za kutafuna, na sauti imekauka. Tulikaa uani. Ndizi zikagawanywa vyumba vyote nane kabla hajavua viatu, akibakiza vichane vya Tabora. Kisha akaanza kusimulia mazishi, na kutoka mazishi akaingia kwenye meli bila kupumzika. Kwamba watu wa daraja la tatu walikataa kulala chini, wote walibanana sitahani kwenye baridi. Kwamba yeye alijifunga kanga kwenye nguzo na kukesha. Kwamba karibu na Mwanza mtu mmoja alianzisha sala na kila mtu akajua ni hapo. Kwamba Bukoba kila ukoo aliokwenda kuwapa pole walikuwa na mtu wao mle, na wanamtaja mezani watoto wakiwepo, kama wanavyomtaja babu.

Nilimkonyeza anyamaze. Mtoto alikuwa ameketi kwenye paja lake, anamenya ndizi. Dada hakunielewa, au alinielewa akapuuza.

"Mama," mtoto akasema, "waliogonga walifunguliwa?"

Wanawake wote uani walisikia. Mama wa kona alikuwa amesimama mlangoni kwake na kichane chake mkononi.

"Hawakufunguliwa," dada alisema. "Walitoboa chuma wawatoe, hewa ikatoka, meli ikazama nao."

"Kwa nini walitoboa?"

"Walitaka kuwasaidia."

Mtoto alitafuna kwanza, akameza. "Wangejua kuogelea?"

"Mle ndani hata anayejua asingeweza. Nje, labda."

"Mjomba hajui," mtoto akamwarifu.

Mama wa kona ndiye aliyeanza kucheka, na sijui kama kilikuwa kicheko hasa, lakini akaja akaketi nasi, akamuuliza dada ukoo gani aliokwenda kuwapa pole na wapi, na wakaanza kutajiana watu kwa Kihaya na Kiswahili, kijiji kwa kijiji, mpaka chakula cha usiku. Jina la kaka yake nililisikia jioni hiyo kwa mara ya kwanza, baada ya mwaka mzima wa kuishi ukuta kwa ukuta.

Jioni ya pili nikawasindikiza stesheni. Wiki kadhaa baadaye ikaja barua kutoka Tabora, mwandiko wa dada ukiwa umelala kwa hasira. Kwanza, koroboi niliyompa mtoto ilikuwa bado na mafuta, imevuja mfukoni njia nzima, na ndizi zote zimenuka taa. Zimekwenda kwa mbuzi wa jirani, na mbuzi amezikataa. Pili, mtoto haogi tena mpaka beseni lijazwe hadi juu, anajitumbukiza na kupigapiga miguu, sakafu yote maji, ukimgombeza anasema anajifunza. Nani kamwambia ataogelea? Na kama ni mimi, basi nimweleze nitamfundishia wapi mtoto wa Tabora.

Nilimjibu kwamba kuna bwawa la Igombe, ila aulize kwanza habari za kichocho.